Kuandamwa si mapenzi: Daktari na polisi wapewe mafunzo

Mwaka juzi alikuja katika kliniki yangu mwanamke wa miaka ishirini na minane hivi, karani katika afisi moja mjini. Alilalamika kwamba hapati usingizi. Nilimpima presha, nikamwandikia vidonge. Baada ya wiki tatu alirudi, mara hii tumbo likimchoma, nami nikampa dawa ya asidi. Mara ya tatu ilikuwa ni kichwa na moyo kwenda mbio. Vipimo vyote vilionyesha kwamba yu mzima. Mara ya nne nilimshauri apunguze kazi na mawazo.

Mara ya tano simu yake ililia akiwa ameketi mbele yangu. Aliitazama, kisha mikono ikaanza kumtetemeka. Ulikuwa ni ujumbe wa M-Pesa: ametumiwa shilingi hamsini.

"Ni yeye, daktari," akasema.

Huyo "yeye" ni mwanamume ambaye walikuwa wameachana miezi minane iliyotangulia. Alipozuia nambari yake ya simu, bwana huyo alianza kumtumia vijisenti kila jioni ili jina lake lizidi kutokea kwenye simu ya mwenzake. Alimngoja kwenye steji ya matatu. Alisimama nje ya lango la ploti yao usiku. Dada huyu alikuwa ameripoti kituoni mara mbili. Mara ya kwanza aliulizwa kama amepigwa. Mara ya pili afisa wa zamu alicheka, akamwambia kuna wanawake wanaoomba Mungu watumiwe pesa kila siku.

Msomaji, usiharakishe kumlaumu afisa huyo peke yake. Mimi mwenye shahada ya udaktari nilikuwa nimemwona mgonjwa huyu mara nne na sikumuuliza swali hata moja kuhusu maisha yake. Isitoshe, baadaye tuligundua kwamba mwanamume huyo aliwahi kupiga simu katika kliniki yangu, akajitambulisha kuwa mumewe, naye karani wangu akamtajia kwa heshima zote siku na saa ya mgonjwa kurudi. Karani hakuwa na nia mbaya. Hakuna aliyewahi kumfundisha, na aliyepaswa kumfundisha ni mimi.

Kumwandama mtu ni kumfuatafuata, kumvizia, kumpigia simu au kumtumia ujumbe na zawadi tena na tena, ilhali yeye hataki, hadi aishi kwa hofu. Ugumu wake ni kwamba kila tendo likitazamwa peke yake huonekana dogo. Kusimama kwenye steji si kosa. Kumtumia mtu shilingi hamsini si kosa. Lakini wahenga walisema, bandu bandu huisha gogo. Anayeandamwa hukatwa kipande kimoja kimoja, na kila mtaalamu anayemwendea huonyeshwa kipande kimoja tu. Daktari huona ukosefu wa usingizi, polisi huona ujumbe wa simu, mwajiri huona mfanyakazi anayechelewa. Hakuna anayeliona gogo zima.

Madhara yake kwa afya yanajulikana. Mwaka wa 1997, Michele Pathé na Paul Mullen wa Australia walichapisha utafiti kuhusu watu 100 waliokuwa wameandamwa. Watu 94 kati yao walikuwa wamelazimika kubadilisha sana maisha yao. Zaidi ya nusu walikuwa wamepunguza kazi au kuiacha kabisa, na 24 walikuwa wamewaza kujiua. Hayo si mambo ya kutibiwa kwa dawa ya tumbo.

Lililo kubwa zaidi ni hatari ya kifo. Mwaka wa 1999, Judith McFarlane na wenzake nchini Marekani walichunguza visa vya wanawake 141 waliouawa na wapenzi au waume zao, wa sasa au wa zamani. Asilimia 76 kati yao walikuwa wameandamwa na wanaume hao katika miezi kumi na miwili kabla ya kuuawa. Kwa maneno mengine, mauaji mengi ya aina hii hupiga hodi kabla ya kuingia.

Humu nchini hatuhitaji kutafuta mfano mbali. Mwanariadha Rebecca Cheptegei wa Uganda, aliyekuwa ametoka kushiriki mbio za marathon katika Olimpiki ya Paris, alimwagiwa petroli na kuchomwa moto katika kaunti ya Trans Nzoia mnamo Septemba 2024. Alifariki Septemba 5 hospitalini Eldoret. Babake aliwaambia waandishi wa habari kwamba aliyetenda unyama huo alikuwa akimwandama na kumtisha bintiye, na kwamba familia ilikuwa imewaarifu polisi.

Kuna watakaosema tunahitaji sheria kali zaidi. Sheria ya kukabili ukatili wa kinyumbani ya mwaka wa 2015 tayari inataja kuandama kuwa aina ya ukatili, na inamruhusu anayeteswa kwenda kortini kuomba amri ya kumlinda. Kweli, ina pengo: inahusu watu wenye uhusiano kama vile ndoa, uchumba au jamaa, na haimfikii anayeandamwa na mtu asiyemjua. Pengo hilo lazibwe. Hata hivyo, sheria haitamfaa mtu ikiwa afisa aliye kwenye kaunta hatambui kilicho mbele yake.

Kwa hivyo napendekeza mafunzo, na wala si ya gharama kubwa.

Kwanza, polisi wafundishwe kuacha swali la "Amekupiga?" na kuuliza "Imetokea mara ngapi, na tangu lini?" Ripoti ya tatu isiandikwe kwenye OB kana kwamba ndiyo ya kwanza, zote ziunganishwe kuwa kesi moja. Afisa ajue pia ushahidi unakopatikana. Zile shilingi hamsini alizochekelea afisa wa zamu zilikuwa na tarehe, saa, nambari na jina la mtumaji. Ni mhalifu gani mwingine hujiandikia ushahidi kila jioni?

Pili, madaktari, maafisa wa kliniki na wauguzi wafundishwe kuuliza. Mgonjwa akirudi mara ya tatu bila ugonjwa kuonekana, aulizwe akiwa peke yake: "Kuna mtu anayekutia hofu?" Jibu liandikwe kwenye faili kwa maneno yake mwenyewe, pamoja na tarehe. Fomu ya P3 huangalia majeraha, na anayeandamwa huenda asiwe na hata mkwaruzo. Faili ya daktari yaweza kuwa ndiyo shahidi wake. Nao makarani wajue kwamba habari za mgonjwa hazitolewi kwa simu, hata anayepiga akiapa kuwa ni mume.

Tatu, wote wafundishwe dalili za hatari: vitisho vya kuua au kujiua, kuvunja mlango, kuwa na silaha, na historia ya kumpiga mwathiriwa walipokuwa pamoja. Wajue pia kwamba waandamaji si wa aina moja. Yuko aliyeachwa akakataa kuachika, na huyo ndiye wa kuogopwa sana. Yuko pia mgonjwa wa akili anayeamini kwamba anapendwa na mtu asiyemjua, naye anahitaji matibabu pamoja na kuzuiwa.

Najua nitakavyojibiwa: polisi ni wachache, na daktari ana foleni hadi mlangoni. Ni kweli. Lakini nilitumia muda mwingi zaidi katika zile ziara nne za bure kuliko ambao swali moja lingechukua. Wengine watasema mwanamume huambiwa mvumilivu hula mbivu. Methali hiyo ni ya mwenye kungoja tunda liive. Aliyekwisha kuambiwa "sitaki" hangoji tunda. Anaparamia mti wa mwenyewe.

Nawe msomaji, mwanamke au mwanamume, ukiandamwa usijibu ujumbe hata kwa matusi. Usiufute. Andika tarehe, saa na mahali, waambie jirani na mwajiri, na kila uripotipo polisi hakikisha umepewa nambari ya OB. Unaweza pia kupiga 1195 bila malipo.

Mgonjwa wangu yu hai, na sasa analala bila vidonge. Lakini ilimbidi aache kazi na kuhamia mji mwingine. Aliyekuwa akimwandama yuko pale pale alipokuwa, na hakuna aliyemuuliza lolote.