Si Kila Moyo Mnene ni Presha

"Presha hiyo, mzee. Punguza chumvi." Mjomba katoka kliniki na wimbo huohuo mara ya tatu, miguu imevimba hadi kandambili hazipiti. Majibu ya eko, picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, ninayo mimi: ukuta wa moyo milimita 17, wakati wa mtu mzima haufiki 12. Karatasi ya ECG, kipimo cha umeme wa moyo, je? Vijilima vidogovidogo! Moyo ulionenepa kwa presha hutarajiwa kuchora milima mirefu. Karatasi mbili zinabishana mezani na hakuna aliyeshtuka.

Simpachiki mjomba ugonjwa. Nadai aangaliwe amiloidi.

Amiloidi ni protini iliyokunjika vibaya, ikajipenyeza ndani ya nyama ya moyo hadi ukakakamaa, usitanuke kupokea damu. Aina moja chanzo chake ini, nyingine uboho. Eko yenye programu ya kupima mnyumbuko wa msuli huinusa: kitako cha moyo kimezubaa, ncha bado inachapa kazi. Halafu kuna kamera ya gama, ileile ya kusaka saratani mifupani. Mgonjwa hudungwa teknesiamu yenye mionzi, ikibebwa na kemikali maalumu. Moyo ukiwaka sawa na mbavu au kuzidi, na damu na mkojo visionyeshe protini ya uboho, basi ni ile ya ini, bila kunyofoa kipande cha moyo. Hayo yamechapishwa tangu 2016. Ila kwa kemikali hiyo ya kubebea, msituletee MDP ya kila siku. Inayotakiwa ni PYP, DPD au HMDP. Na anayeruka kipimo cha damu anacheza na roho ya mtu: aina ya uboho hutaka dawa za saratani upesi.

Mnasema ni maradhi ya wazee wa Kizungu? Marekani, kama 3 hadi 4 kwa kila Wamarekani weusi 100 wamebeba jeni yenye kasoro ya V122I, chimbuko lake Afrika Magharibi. Nao wengi waliimbiwa presha.

Tafamidisi, dawa ya aina ya ini, iliingia sokoni huko 2019 kwa dola 225,000 kwa mwaka. Wizi mtupu. Lakini bei isiwe kisingizio cha kutopima: ugonjwa ukijulikana, angalau mtu haongezewi dawa ya presha kama verapamili inayoweza kumdidimiza.

Mjomba ana makovu kwenye vifundo vyote viwili vya mikono. Alipasuliwa kwa ganzi ya vidole, miaka minane kabla moyo haujalalamika. Dalili ya amiloidi inayojulikana kabisa, hiyo. Kliniki zote tatu, hakuna aliyemwambia, "Mzee, hebu nione mikono."