Ripoti ya Manunuzi Si ya Mkaguzi Peke Yake

Wanachuo wenzangu wa ualimu, tukimaliza hapa wengi wetu tutapangiwa shule, na haitachukua muda mtu atakabidhiwa stoo au kamati ya manunuzi. Kozi zetu zinatufundisha azimio la kazi na andalio la somo. Kununua maharage hatufundishwi, wakati mtoto mwenye njaa hasikii hata lile somo lililoandaliwa vizuri.

Mifumo ipo. Mwaka 2017 ilikuja FFARS, ya kuandika mapato na matumizi ya shule na vituo vya afya. Mwaka 2023 ununuzi wa umma ukahamia NeST. Ni hatua kubwa, sibishi. Ila mfumo unatunza kumbukumbu. Kulinganisha bado ni kazi ya mtu. Kama ripoti inachapwa ili mkaguzi aikute kwenye faili, basi tumebadilisha daftari, tabia ni ileile.

Tuseme mzabuni wa kwanza anauza gunia la maharage sh. 230,000, wa pili sh. 215,000. Haraka haraka utamchukua wa pili. Sasa weka kwenye mizani: gunia la kwanza lina kilo 100, la pili kilo 90. Kilo kwa wa kwanza ni sh. 2,300, kwa wa pili karibu sh. 2,390. Shule ikila kilo 1,000 kwa muhula, huyo "wa bei rahisi" kaondoka na karibu sh. 89,000 za bure. Ongeza siku alizochelewa na kilo zilizokutwa na wadudu, utamjua vizuri zaidi.

Hapa Tabora jambo hili si geni. Enzi za misafara, Unyanyembe ilikuwa njia panda: wa Ujiji wanaenda magharibi, wa Karagwe na Buganda wanapanda kaskazini. Pembe zilipimwa kwa frasila, karibu kilo 16. Nguo za merikani zilihesabiwa kwa doti, yaani mikono minane, kiwiko hadi ncha ya kidole. Mkono wa nani sasa? Wa mrefu si sawa na wa mfupi. Lumbesa ya leo ni ubishi uleule: bila kipimo kimoja, bei mbili hazilinganishwi.

Wapo watakaosema, wilayani wazabuni wenyewe wawili, utalinganisha nini? Mlinganishe huyohuyo na yeye mwenyewe: bei yake ya mahindi baada ya mavuno na ile ya Januari. Ukiona pengo ni kubwa na stoo yako ni kavu, nunua mapema. Wengine watasema mwalimu tayari ana mzigo. Kweli kabisa. Lakini jedwali la safu sita (tarehe, muuzaji, bidhaa, kilo, bei kwa kilo, siku za kuchelewa) linaingia hata kwenye simu.

Tuanzie hapahapa chuoni. Serikali ya wanafunzi inanunua fulana, maji na chakula cha hafla kwa michango yetu. Ibandike jedwali la namna hiyo ubaoni kila mwisho wa muhula, na sisi wa ualimu tuombe kulijaza. Bora tujifunzie kwenye hela zetu kabla hatujashika za watoto wa watu.