Mashindano ya Roboti Zinazoruka: Tuanzie Ziwani



Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani, Ukerewe. Siku ya pili tangu nifike, mtumbwi wa majirani zetu haukurudi kutoka kwenye dagaa. Ndani yake walikuwemo watu watatu. Wanaume wa kijijini walichanga petroli, wakapata boti mbili zenye injini, wakatoka. Mimi nilibaki ufukweni na akina mama tukisali rozari, kwa sababu frateri huyu hajui kuendesha boti na kijiji kizima kinalijua hilo. Wawili walipatikana jioni ile ile wakiwa wameng'ang'ania dumu. Wa tatu alipatikana siku ya tatu, tukamzika.

Mdogo wangu, anayesoma elektroniki katika chuo kimoja cha ufundi, naye alikuwepo. Chini ya kitanda chake kulikuwa na boksi lenye ndege nyuki aliyoiunda mwenyewe kwa ajili ya mradi wa kumalizia mwaka: fremu ya plaiwudi, mota nne, kamera ndogo. Usiku wa mazishi aliniambia, "Kaka, kamera hii ingeweza kumwona." Nikamuuliza kwa nini basi hakuirusha. Akanijibu kwamba hana kibali, kwamba betri yake inadumu dakika 12, na kwamba hajawahi hata siku moja kuirusha juu ya maji. Mradi ulipata alama nzuri, ukapigwa picha, ukawekwa kabatini hadi alipouomba aende nao nyumbani. Aliyasema haya bila uchungu. Uchungu niliupata mimi.

Ndiyo maana naandika. Naona vyuo vyetu vya ufundi na vyuo vikuu, vikiwemo vya Kanisa, vianzishe mashindano ya kila mwaka ya roboti zinazoruka, na kazi ya kwanza ya mashindano hayo iwe kumtafuta mtu aliyeko majini.

Mlezi mmoja, niliposema haya mezani, aliniuliza: "Frateri, falsafa na droni, wapi na wapi?" Watu walicheka, nami nikacheka. Lakini swali lina jibu. Mwaka 1670 Mjesuiti wa Brescia, Italia, Padre Francesco Lana de Terzi, alichapisha mchoro wa chombo cha kuruka chenye matufe manne ya shaba nyembamba, yaliyoondolewa hewa ndani ili yawe mepesi kuliko hewa iliyoyazunguka. Kisingeruka, maana shaba nyembamba namna ile ingebonyezwa na hewa ya nje ikajikunja kama kopo. Kinachonivutia ni kwamba yeye mwenyewe aliandika kuwa Mungu asingeruhusu chombo hicho kifanikiwe, kwa sababu hakuna mji ambao ungekuwa salama dhidi ya watu wanaoshambulia kutoka angani. Huyo alikuwa padre, na miaka zaidi ya mia kabla ya puto la kwanza kubeba watu alikwisha kuliona swali ambalo sisi tunaliona leo kwenye taarifa za habari. (Na tusisahau kwamba Mtakatifu Yosefu wa Kupertino, tunayemwomba usiku wa kuamkia mitihani, ndiye pia msimamizi wa wanaoruka angani. Sisi wa falsafa tunamkumbuka zaidi kwa ile sababu ya kwanza.)

Mashindano ya namna hii si wazo jipya. Mwaka 1991 Robert Michelson aliyaanzisha katika chuo cha Georgia Tech, Marekani, kwa ajili ya wanafunzi wa vyuo. Kazi ilikuwa moja tu: roboti iruke yenyewe, bila mtu kuiongoza, ichukue kisahani cha chuma upande mmoja wa uwanja na kukipeleka upande mwingine. Mwaka ule hakuna aliyeweza. Waandaaji hawakurahisisha kazi ili mtu apate kikombe. Waliirudisha ile ile mwaka uliofuata, na uliofuata tena, hadi wanafunzi wa Stanford walipoikamilisha mwaka 1995. Ndipo kazi nyingine ngumu zaidi ikatolewa. Mojawapo ya zilizofuata ilikuwa kuwatafuta walionusurika katika eneo la maafa la kuigiza, na wanafunzi wa chuo kikuu cha ufundi cha Berlin wakaimaliza mwaka 2000.

Napenda sana sheria hiyo ya kutopunguza kazi. Sisi tuna tabia ya kuandaa tamasha: mgeni rasmi, fulana, vyeti vya ushiriki, picha ya pamoja, basi. Mwanafunzi aliyeshindwa na aliyefaulu wanaondoka na cheti kinachofanana. Katika mashindano ninayoyasema mimi, mwaka wa kwanza droni zote zinaweza kuanguka ziwani na asipatikane mshindi. Mwaka wa pili wanafunzi watakaokuja watakuwa wameshasoma kwa nini zilianguka.

Mtu atasema, mbona tayari tumekuwa na majaribio mengi ya ndege hizi? Ni kweli. Mwaka 2018 ndege isiyo na rubani ya Wajerumani ilipeleka dawa hapo kwetu Ukerewe kutoka bara kwa miezi sita. Ilikata kilomita 60 kwa wastani wa dakika 40, safari ambayo kwa njia ya kawaida inamaliza saa nyingi. Watoto walikimbia kuitazama, na mdogo wangu alikuwa mmoja wao. Oktoba mwaka huo huo Mwanza ilipokea shindano la Lake Victoria Challenge, ndege zikaruka hadi kisiwa cha Juma. Rwanda nayo ilikuwa na shindano lake katika ziwa Kivu mwaka 2020. Siyabezi hata moja. Rwanda hiyo hiyo imekuwa ikipeleka damu hospitalini kwa droni tangu 2016. Lakini hayo ni mambo ya makampuni na wafadhili, na mradi wa majaribio una tarehe ya kuanza na tarehe ya kumalizika. Ukiisha, mtaalamu anafungasha. Mashindano ya wanafunzi yanaacha watu. Zanzibar walilionja hilo kidogo mwaka 2016, pale wanafunzi wa chuo kikuu cha SUZA walipofundishwa kurusha ndege za kuchora ramani ya visiwa vyao wenyewe.

Sasa niiseme kazi yenyewe, maana hapa ndipo penye utamu. Litengwe eneo la maji, tuseme kilomita moja kwa moja. Mahali fulani humo, pasipojulikana na timu yoyote, liwekwe sanamu lenye uzito na ukubwa wa mtu, likielea kifua na kichwa tu, bila jaketi la rangi kali kwa sababu wavuvi wetu wengi hawavai. Roboti iruke yenyewe kutoka ufukweni, itafute, itume mahali alipo mtu huyo, irudi. Hakuna wa kushika rimoti.

Inaonekana rahisi mpaka uulize wanaojua. Maji yanameremeta, kamera inadanganyika na kila wimbi. Kichwa cha mtu ukiwa juu mita 60 ni nukta. Ukishuka chini ili uone vizuri, unaona eneo dogo, na betri inaisha kabla hujamaliza hata robo. Ukipanda juu unamaliza eneo lakini hukuona kitu. Hapo mwanafunzi analazimika kupanga njia, kupima upepo, kuchagua. Mdogo wangu amejaza daftari zima kuhusu hilo tangu likizo ile. Ubongo wa kuongozea ndege upo bure kwenye intaneti: programu ya PX4, inayotumika dunia nzima, ilitokana na mradi wa wanafunzi wa Zurich ulioanza mwaka 2008. Kinachokosekana kwetu ni betri nzuri, mahali halali pa kujaribia na tarehe ya kukimbizana nayo.

Hilo la mahali halali ni zito. Droni haiwezi kurushwa kiholela. Kuna Mamlaka ya Usafiri wa Anga na kuna sababu za usalama, nami sioni vibaya. Ila mwanafunzi mmoja mmoja akihangaikia kibali chake, atamaliza chuo kabla hajakipata. Waandaaji wakiomba kibali kimoja, kwa eneo moja na siku zinazojulikana, timu kumi zinaruka kihalali. Chuo kikuu cha SAUT kiko Malimbe, karibu kabisa na ziwa. Silisemei Baraza lake, naonesha tu ramani.

Nabaki na jambo linalonisumbua, na sitalificha. Roboti inayoweza kumtambua mtu majini ili aokolewe inaweza kumtambua mtu nchi kavu ili auawe. Programu ni ile ile. Vatikani imekuwa ikisema kwa miaka huko Geneva kwamba silaha zinazoamua zenyewe kuua zipigwe marufuku, na Baba Mtakatifu Fransisko katika Laudato Si' alionya kwamba uwezo wa ufundi unakua kuliko busara ya kuutumia. Je, tunawafundisha vijana wetu kazi ya wauaji?

Nimelifikiria hili kwa kile nilichojifunza darasani. Mtakatifu Thomas wa Akwino anatofautisha tendo la kibinadamu, linalotoka katika akili na utashi, na jambo linalotokea tu. Roboti haina utashi. Tunasema "imeamua" kwa mazoea ya lugha. Basi tendo lake lina mwenyewe, naye ni mtu: aliyeandika programu, aliyeituma, aliyelipa. Hatari kubwa ninayoiona ni kijana kuzoea kusema "mashine ndiyo iliyokosea." Kwa hiyo napendekeza nusu ya alama zitolewe nje ya maji. Kila timu isimame mbele ya waamuzi na kujibu kwa mdomo: roboti yenu ikipita juu ya mtu aliye hai bila kumwona, watafutaji wakaondoka eneo lile, nani anajibu? Mlijua inakosea mara ngapi? Mlimwambia nani? Sisi wa falsafa tunaweza kukaa kwenye meza hiyo, lakini ningependa wavuvi wawe wengi kuliko sisi.

Hilo halifungi mlango kwa mwenye nia mbaya. Nakubali. Ila mwenye kuunda silaha ana fedha zake na maabara zake tayari, hangojei wanafunzi wa Mwanza. Mvuvi wa Ukerewe hana mtu.

Nilimuuliza mjomba, aliyeongoza boti mojawapo siku ile, kama angekubali kuwa mwamuzi. Alitaka kujua kwanza kama sanamu litawekwa majini usiku, kwa sababu mitumbwi ya dagaa inazama usiku, na kama kamera inaona gizani. Nikamwuliza mdogo wangu kwa simu. Amesema ile yake haioni, lakini zipo zinazohisi joto la mwili, nazo ni ghali. Mjomba akasema basi mwaka wa kwanza iwe alfajiri.