Kabla ulipie friji ya kujitengenezea barafu, jiulize maji yako hutoka wapi

Umeiona dukani: friji ya milango miwili, inang'aa, ukisukuma glasi pale mlangoni inamwaga barafu yenyewe. Kichwani tayari umeshaipiga picha ya Instagram. Poa. Lakini kabla hujaweka deposti ya lipa polepole, jiulize swali moja: kwenu maji hutoka wapi?

Wengi hudhani barafu ni kazi ya stima pekee. Wapi! Friji nyingi za aina hii huunganishwa na bomba la maji la nyumba. Vali hufunguka sekunde chache, maji yanajaza trei ndani ya friza, yakishaganda trei inapashwa joto kidogo na barafu inaangukia kwenye kikasha. Kikijaa, mashine inajizima. Ni akili kweli, ila inategemea maji yenye presha.

Sasa rudi mtaani. Nairobi maji huja kwa mgao, na ploti nyingi huyapandisha kwa pampu hadi tangi la paani, kisha yateremke yenyewe. Tangi likiwa mita 10 juu ya bomba lako, unapata presha ya baa 1 hivi. Mashine nyingi za barafu hutaka zaidi ya hapo. Kwa hivyo wewe wa ghorofa ya mwisho, tangi likiwa juu ya kichwa chako, umekwisha. Utapata vibarafu vidogo, ama vali ikose kufunga sawasawa, maji yadondoke na kikasha kizima kigande kama jiwe.

Halafu kuna usafi. Maji yakirudi baada ya siku tatu, ya kwanza huja na matope. Wewe unayaacha yamwagike. Friji haioni rangi, inavuta tu. Na usidanganywe eti baridi huua viini. Vingine hulala tu, vikingoja barafu iyeyuke kwenye juisi yako. Filta inasaidia, lakini kwa kawaida hubadilishwa kila miezi 6 kwa pesa yako, na nyingi zimeundwa kuondoa ladha ya klorini na uchafu, si kugeuza maji ya boza kuwa salama.

Sisemi ni kifaa kibaya. Kama una nyumba yako, pampu ya kuongeza presha na maji safi, jienjoi. Mwaga barafu ya kwanza kwanza, izime mifereji ikikauka, na usiweke barafu ya miezi kwa sababu hunusa kama samaki wa friza. Kuna pia friji zenye kitangi unachojaza kwa mkono. Hizo angalau unajua umetia maji gani.

Lakini wewe mpangaji, landilodi asiyetaka hata upigilie msumari atakubali utoboe ukuta wa jikoni upitishe bomba? Na siku ya kuhama je? Utabaki unalipia kila mwezi kidude kilichokauka.

Nunua friji ya ukubwa unaohitaji, isiyo na hayo madoido. Chemsha maji, yapoe, yamimine kwenye trei ya plastiki, ngoja saa chache. Soda itapoa vilevile, na pesa iliyobaki itakusaidia siku ile boza litakapopandisha bei.