Tupime Kazi ya Kebo, Tusipime Bei

Tangu mitambo ya matangazo ya analojia ilipoanza kuzimwa nchini Tanzania tarehe 31 Desemba 2012, kwa kuanzia na Dar es Salaam, sebule nyingi zimebadilika. King'amuzi kimeingia, runinga bapa imefuata, na baada yake zimekuja amplifaya, spika tano na sabufa. Leo mtumishi wa kipato cha kati aweza kuwa na sinema yake nyumbani. Hilo si jambo baya. Aliyefanya kazi mchana kutwa ana haki ya kuburudika na jamaa zake jioni. Linalostahili kujadiliwa ni ule ufa mdogo ambamo fedha zake huvujia bila yeye kutambua, nao ni nyaya za kuunganishia vyombo hivyo.

Mnunuzi akiisha kulipia vyombo vyenyewe huwa amechoka kuuliza maswali. Hapo ndipo muuzaji anapomwekea mezani kebo mbili. Moja ni ya kawaida. Ya pili ina ncha za rangi ya dhahabu, imesukwa kama ukili, na bei yake ni mara kumi ya ile ya kwanza. Anaambiwa kwamba hiyo ya pili itazifanya rangi ziwe na uhai zaidi. Je, ni kweli?

Jibu linategemea kile kinachobebwa na kebo. Kebo ya HDMI, ambayo viwango vyake vya kwanza vilitolewa mwaka 2002, hubeba picha na sauti kwa njia ya dijitali, yaani kwa mfululizo wa sufuri na moja. Tarakimu hizo zikifika salama, picha ni ileile iliyotumwa; hakuna kebo iwezayo kuipamba zaidi. Zisipofika salama, dosari hujitangaza yenyewe: vimulimuli huzagaa juu ya kioo, picha hukatikakatika, au kioo huwa cheusi kabisa. Kwa hiyo kebo ya bei nafuu isiyoonyesha dosari hizo imekwisha kutimiza wajibu wake wote. Kulipa mara kumi zaidi ni sawa na kumpa tarishi nauli ya ndege apeleke barua mtaa wa pili, kwa matumaini kwamba maneno yake yatasomeka vizuri zaidi.

Na ile dhahabu? Kazi yake ni kuzuia kutu, na katika unyevunyevu wa pwani hilo ni jema. Lakini utando huo ni mwembamba mno, nao hupatikana hata kwenye kebo za bei ndogo.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kebo zote ni sawa. Rahisi nayo huweza kuwa ghali. Picha ya 4K yenye mikupuo 60 kwa sekunde huhitaji kebo iwezayo kupitisha gigabiti 18 kwa sekunde. Viwango vya HDMI 2.1 vya mwaka 2017 vilifikisha uwezo huo gigabiti 48, na kebo zake huandikwa "Ultra High Speed" pamoja na lebo ya uthibitisho iwezayo kukaguliwa kwa simu. Asiye na chombo cha kutumia uwezo huo hana sababu ya kuulipia. Urefu nao ni hoja. Kebo ya shaba ya mita mbili haina taabu, lakini kadiri inavyorefuka ndivyo inavyoshindwa kubeba mzigo mkubwa. Mwalimu anayetaka kufunga projekta ya ukumbi mita 15 kutoka kwenye kompyuta afikirie kebo ya nyuzi za mwanga, tena akumbuke kwamba kebo hiyo ina upande wa kutokea na upande wa kuingilia.

Waya wa spika ni habari nyingine, kwa kuwa hubeba sauti kwa njia ya analojia. Hapa unene una maana. Spika ikiwa mita 10 kutoka kwenye amplifaya, umeme husafiri mita 20, kwenda na kurudi. Waya wa shaba wa milimita za mraba 0.5 utakuwa na ukinzani wa karibu omu 0.7, wa milimita za mraba 1.5 utakuwa na omu 0.23 tu. Kwa spika ya omu 8, mafundi wengi hushauri ukinzani wa waya usizidi asilimia 5, yaani omu 0.4. Basi ule wa 1.5 unatosha. Cha kuhadhari ni waya wa alumini uliopakwa shaba juu. Ukiukwangua, ndani ni mweupe, na ukinzani wake ni mkubwa zaidi. Kisha chanya iunganishwe na chanya kwa kila spika, la sivyo sauti nzito hufifia, na lawama huangukia waya usio na kosa.

Zaidi ya hapo ni hadithi. Mwaka 2007 huko Marekani, James Randi aliahidi dola milioni moja kwa mtu atakayeweza, pasipo kuona, kutofautisha kwa sikio waya wa spika uliouzwa dola 7,250 na waya wa kawaida ulio mzuri. Jaribio hilo halikufanyika, na fedha hizo hazikuchukuliwa. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Jambo la kusikitisha ni kwamba wengi wanaotozwa gharama hizi ni watu waliosoma. Somo la ukinzani wa umeme hufundishwa katika shule zetu za sekondari. Mbona tunaliacha darasani tunapoingia dukani? Elimu isiyomlinda mwenye nayo mbele ya kaunta ina faida gani? Na wale wanaotia saini manunuzi ya shule na ofisi wana dhima kubwa zaidi, maana fedha wanazozitumia si zao.

Kabla ya kulipa, basi, tuulize: kebo hii itabeba nini, kwa umbali gani, na chombo changu kinahitaji kiasi gani? Muuzaji mwaminifu atajibu kwa mita, gigabiti na milimita. Atakayejibu kwa sifa tupu, tumshukuru na kuendelea na safari yetu.