Dola Masijalani: Hoja Kuhusu Lugha na Utawala

Uchunguzi wa dola katika vyuo vyetu umezoea kuanzia juu: katiba, chama, itikadi, tabaka linalotawala. Mwananchi, hata hivyo, hakutani na tabaka; hukutana na karani. Kwa hiyo tunadai kwamba sosholojia ya utawala wa umma haina budi kupewa nafasi kubwa zaidi katika uchunguzi huo, na kwamba wanaisimu wana la kuchangia.

Max Weber aliuona urasimu kuwa utawala wa kanuni na maandishi, usiojali sura ya mtu. Michel Crozier, katika kitabu kilichotoka Ufaransa mwaka 1963, alionyesha upande wa pili. Katika viwanda vya ukiritimba wa serikali, mafundi wa matengenezo walikuwa na nguvu kupita cheo chao, kwa kuwa wao ndio waliojua kuzirekebisha mashine zilizoharibika bila taarifa. Aliyeshika jambo lisilotabirika ameshika watu.

Tuipeleke hoja hiyo masijalani. Karani husema, "Faili halionekani." Hasemi "sijalitafuta". Lau angesema "limefichwa", msikilizaji angeuliza: na nani? Kauli ya kutendeka humwacha mtenda nje ya sentensi, na swali hilo hukosa mlango. Mwombaji huambiwa arudi kesho, naye hurudi. (Barua atakayoandikiwa itaanza kwa "Husika na kichwa cha habari hapo juu", amri ambayo wengi wetu tumeacha kuisikia kuwa ni amri.)

Nchini Tanzania suala hili lina uzito wa pekee. Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya shughuli za serikali mwaka 1967, lakini sheria ziliendelea kutungwa kwa Kiingereza kwa miongo mingi. Mtendaji aliyemweleza mwanakijiji haki zake alikuwa pia mfasiri wake, na hakuwapo wa kumsahihisha. Tafsiri ndiyo iliyokuwa mashine ya Crozier. Marekebisho ya mwaka 2021, yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, yanastahili pongezi; bali ni ujinga kudhani kwamba yatabadili peke yake mazoea ya dirishani.

Mazoea hayo hayasomeki katika Gazeti la Serikali. Husikika, na kazi ya kuyarekodi na kuyachambua, neno kwa neno, ni ya idara zetu kabla ya kuwa ya wanasayansi ya siasa.