Watoto walilia bahari, babu akawapeleka gatini

Likizo ya Agosti watoto wangu wawili walinikaba koo kwa jambo moja tu: bahari. Wenzao wa shuleni walikwisha kwenda Mombasa, wakarudi na picha na makombe. Nilipiga hesabu ya nauli ya kwenda na kurudi, malazi na chakula, kisha nikaikunja ile karatasi kimyakimya. Wazazi wenzangu wa mjini, hesabu hiyo mnaijua.

Basi tukaenda Lubao kwa baba yangu. Lubao, kwa wasioijua, ni soko kando ya barabara ya Kakamega kwenda Webuye, na sifa yake kubwa ni kwamba huko mbwa huuzwa kama kuku. Siku mbili watoto walisahau bahari kwa ajili ya mbwa. Siku ya tatu kilio kikaanza upya. Baba alikuwa barazani akichambua maharagwe. Akawauliza, "Ni maji mnayotaka, au ni chumvi?"

Kesho yake alfajiri tulimkuta amekwisha kuvaa koti.

Kutoka Kakamega hadi Kisumu ni kilomita 50 hivi. Matatu ilipita Ilesi, penye lile jiwe linalotoa machozi, ikapita Chavakali na Majengo, na baada ya Kiboswa ikaanza kuteremka. Karibu na Mamboleo kitinda mimba wangu akapiga kelele. Ziwa Victoria lilikuwa limetandazwa pale chini kama bati jipya.

Tulishukia mjini, tukaenda hadi ufuo wa Dunga, ambako wavuvi hushusha samaki na wageni hula. Hapo nawaonya mapema: msije na nguo za kuogelea. Ziwa hili lina kichocho, na viboko nao wako, wala hawabishi hodi. Raha ya Dunga ni mashua, ndege walio katika mafunjo, na ngege wa kukaanga.

Kijana wa mashua alituletea maboya mawili ya kuvaa ilhali tulikuwa watu wanne. Baba alirudi nyuma hatua mbili, akasimama. "Lete mengine mawili, ndipo tuzungumze bei." Yule kijana alinung'unika, lakini akaleta. Nami nilikuwa tayari kupanda hivyo hivyo, nisije nikaonekana mshamba! Hadi leo nikikumbuka naona haya.

Nilidhani tutawaona viboko na kurudi. Baba akamwambia nahodha atupeleke hadi tutakapoiona bandari. Nilijua kwamba zamani aliwahi kufanya kazi ya reli. Sikujua kwamba kazi yenyewe ilikuwa gatini pale, kwa kuwa hakuwahi kusema, na mimi, mwandishi ninayelipwa kwa kuuliza watu maswali, sikuwahi kumuuliza.

Kwa mbali yakatokea maghala na gati. Mkubwa wangu akauliza kwa nini reli imefika hadi ukingoni mwa maji.

Hapo babu akafunguka. Aliwaeleza kwamba mji huu wote ulizaliwa na gati. Reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 ilifika hapa Desemba 1901, na mahali hapa pakaitwa Port Florence, kwa jina la mke wa Preston, mhandisi aliyeongoza kazi ya kutandika reli. Nia ya Waingereza ilikuwa Uganda, na Kisumu yenyewe ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda hadi mwaka 1902. Mizigo ilishushwa garini, ikapakiwa melini, ikavushwa. Meli ya kwanza, William Mackinnon, ililetwa ikiwa vipande vipande, vingine vikibebwa na wapagazi, na vingine vikapotea njiani. Ilizinduliwa mwaka 1900, kabla ya reli yenyewe kufika. Mambo yaliendelea hivyo kwa miaka 30, hadi reli ilipoingia Kampala mwaka 1931 na shehena nyingi ikaipa Kisumu kisogo.

Lakini alichotaka hasa kuwaeleza kilikuwa hesabu yake mwenyewe. Katika miaka ya 1960 zilikuja Umoja na Uhuru, meli zilizokuwa na reli sitahani. Mabehewa yaliingizwa mzima mzima, bila kushusha hata gunia. "Ishirini na mawili," akasema, akihesabu kwa kidole hewani. Alikuwa karani wa kuyahesabu tangu mwaka 1968. Behewa likikosewa upande, meli huinama, kwa hiyo karani alikuwa halali.

"Kisha, Babu?"

"Kisha ikaja 1977."

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na meli zikagawanywa kama mali ya marehemu. Uhuru ikabaki Kenya, Umoja na Victoria zikawa za Tanzania. Kazi ya baba ikaisha. Alirudi Lubao akalima, na hakukanyaga tena Kisumu kwa hiari yake. Nilipomwambia kwamba Uhuru ilirudishwa kazini mwaka 2019, hakushangaa. "Nilisikia redioni," alisema. Alisikia, akanyamaza miaka yote hiyo!

Mashua ilizimwa injini kwa muda. Baba aliangalia gati bila kusema kitu, na watoto, ambao hawajui kunyamaza hata kanisani, wakanyamaza naye.

Tuliporudi Dunga tuliagiza ngege watatu na ugali. Baba akamtaka wa kwake awe na kichwa. Katikati ya kula, kitinda mimba akauliza lile swali ambalo ningalipaswa kuliuliza mimi miaka mingi iliyopita: je, Babu alisafiri na meli hizo hadi wapi?

"Sikusafiri," akajibu. "Miaka tisa nilihesabu, sikuvuka hata mara moja. Nilimwahidi nyanya yenu kwamba nikipata likizo ndefu tutapanda Victoria hadi Mwanza."

"Mwanza ni wapi?"

Baba aliinua mkono uliojaa mafuta ya samaki, akaelekeza kidole juu ya maji, kusini-magharibi, bila kusitasita.